Goti Limepona, Paja Bado

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, goti langu la kushoto halikuuma tena. Nilikuwa napanda ngazi za ofisi ya walimu bila kushika ukuta, nasimama darasani vipindi vitatu mfululizo, na usiku nalala ubavu wowote nilioutaka. Asubuhi ya kwenda kliniki nilitia raba zangu za netiboli ndani ya begi. Nilikuwa na ombi moja tu: ruhusa ya kurudi uwanjani.

Mtaalamu wangu wa fiziotherapia ni mama wa makamo ambaye wagonjwa wote tunamwita Dada. Siku hiyo goti hakuligusa. Alivuta kiti cha mbao, kile cha kawaida cha ofisini, akakiweka katikati ya chumba.

"Mwalimu, kaa. Kunja mikono kifuani. Inuka kwa mguu wa kulia peke yake."

Nikainuka. Nikakaa, nikainuka tena, hadi mara 15, bila tabu.

"Haya, wa kushoto."

Nikaegemea mbele, nikakanyaga, nikavuta pumzi. Nilinyanyuka kama upana wa viganja viwili, paja likaanza kutetemeka, nikarudi kitini kwa kishindo. Nikajaribu tena, na tena. Maumivu hayakuwapo hata chembe. Nguvu ndizo hazikuwapo.

Dada akaandika kwenye faili, akaligeuza nisome. Kulia 15. Kushoto 0.

"Goti limepona, Mwalimu," akasema. "Paja bado."

Nilirudi nyumbani Morogoro na raba zangu begini, na sikuzivaa uwanjani mpaka miezi mingine saba ilipopita. Yaliyotokea katika miezi hiyo saba ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa kuwa nimekutana na wachezaji wengi, wanaume kwa wanawake, waliopasuliwa vizuri na madaktari wazuri, wakasubiri maumivu yaishe, wakarudi mchezoni wakiwa na paja la mtu mwingine. Baadhi yao wamelala tena kitandani. Kwa goti la namna hii, kuacha kuuma ni jambo moja na kupata nguvu ni jambo jingine, na hilo la pili haliji kwa kusubiri.

Kilichokatika

Nafundisha hisabati sekondari, na tangu nikiwa msichana nacheza netiboli. Anayeujua mchezo huu anajua sheria yake ngumu kuliko zote: ukishaudaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Unaruka, unadaka, unatua, unasimama papo hapo. Miguu ndiyo breki.

Siku niliyoumia tulikuwa kwenye mashindano ya watumishi. Niliruka kuufuata mpira mrefu, nikatua kwa mguu wa kushoto, na kabla mwili haujatulia nikageuka kumtafuta mfungaji wetu. Unyayo ulibaki ulipokanyaga, mwili ukazunguka. Nikasikia "ko!" ndani ya goti. Hakuna aliyenigusa. Mwamuzi alidhani nimeteleza. Jioni ile goti lilikuwa limejaa kama tikiti.

Mtaani tunasema "mshipa wa goti umekatika". Si mshipa. Ni ligamenti, utepe mgumu unaofunga mfupa na mfupa. Goti lina ligamenti kubwa nne, na ile iliyokatika kwangu, ambayo madaktari huiita ACL, imekaa katikati kabisa, imeshuka kwa mshazari kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa ugoko. Kazi yake ni kuuzuia ugoko usiteleze kwenda mbele na kulizuia goti lisijipinde mtu anapogeuka ghafla. Watu wengi huikata kama nilivyoikata mimi, bila kugongwa na mtu: kwa kutua vibaya, kwa kusimama ghafla, kwa kugeuka mguu ukiwa umekwama chini. Sisi wanawake huikata mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo ule ule. Maumbile yana sehemu yake, lakini zipo sababu zinazorekebishika: namna tunavyotua, nguvu za mapaja na nyonga, na ukweli kwamba wasichana wengi hawajawahi kufundishwa mazoezi ya nguvu hata siku moja.

Ligamenti hii ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe. Kwa hiyo daktari wa upasuaji hutengeneza nyingine. Kwangu alichukua kano mbili za misuli ya nyuma ya paja, akazikunja zikawa kamba nene, akatoboa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye mfupa wa ugoko, akaipitisha kamba na kuibana pande zote mbili. Nililala hospitali Dar es Salaam usiku mmoja. Kesho yake nilikuwa nimesimama kwa magongo.

Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha.

Paja lililozimwa

Siku ya pili Dada aliweka taulo lililokunjwa chini ya goti langu na kuniambia nilikandamize, nikaze paja. Nikakaza. Nikatazama: paja limelala tu, kama halikusikia. Nikakaza tena hadi jasho likanitoka usoni. Msuli ule, niliorukia nao miaka ishirini, haukujibu. Nililia siku hiyo kuliko siku niliyoumia.

Dada akanieleza, na maelezo yake yaliniondolea hofu. Goti likivimba, mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwamba huku kuna hatari. Uti wa mgongo nao hupunguza amri inayokwenda kwenye misuli ya mbele ya paja, ile minne inayonyoosha goti. Msuli haujakatika wala haujafa. Umezimwa, kama umeme unavyozimwa kwenye nyumba inayovuja maji. Na msuli usioamrishwa hukonda upesi sana.

Wiki ya sita tulipima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia ya goti. Paja la kulia sentimita 51. La kushoto 47. Mwanamke anayejua kushona anaelewa sentimita nne ni kitu gani: hiyo ni suruali ya mtu mwingine.

Ndiyo maana kazi ya mwanzo kabisa baada ya upasuaji huonekana ndogo mno machoni pa watu: kupunguza uvimbe, kulinyoosha goti hadi mwisho sawasawa na lenzake, na kuliamsha paja. Kulala na mto chini ya goti kunapendeza, lakini goti huzoea kupinda. Nililazwa na kisigino juu ya taulo, goti likining'inia wazi, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Nilikaza paja wakati wa tangazo la biashara redioni, nikaliachia kipindi kikirudi.

"Pumzika, mwanangu"

Nyumbani nilikuwa na walezi wengi. Mama alileta supu ya makongoro kila asubuhi. Shangazi alikuja na beseni la maji ya moto na chumvi, tayari kulikanda goti kama alivyowakanda wajukuu zake wote. Nilimwamkia, nikamshukuru, nikamwomba anikande mabega. Goti lililotoka kupasuliwa, lenye joto na uvimbe, halitaki maji ya moto wala mikono yenye nguvu. Kila mgeni aliyeingia alisema neno moja: pumzika. Usikanyage. Umepasuliwa wewe.

Siwalaumu. Zamani hata madaktari walisema hivyo. Hadi miaka ya 1980 wagonjwa wengi wa upasuaji huu walifungwa plasta ngumu kwa wiki nyingi. Mjini Indianapolis, Marekani, daktari wa upasuaji Donald Shelbourne aliwafuatilia wagonjwa wake akagundua jambo la ajabu: wale wakaidi, waliotembea na kukunja goti kabla ya ruhusa, walikuwa wanapata nafuu nzuri kuliko watiifu. Akabadilisha maelekezo yake, na mwaka 1990 yeye na mwenzake wakachapisha utaratibu wa kumwinua mgonjwa mapema: kunyoosha goti mara moja, kukanyaga mapema, kuanza mazoezi mapema. Tangu hapo mwelekeo wa dunia nzima ukageuka.

Mimi sikuwa mkaidi. Kosa langu lilikuwa jingine, nalo ndilo nililoliona kwa wagonjwa wengi.

Nilipotoka hospitali nilipewa karatasi yenye michoro kumi. Inua mguu ulionyooka mara kumi. Kaza paja mara kumi. Vuta kisigino mara kumi. Mazoezi mazuri kwa wiki mbili au tatu za kwanza. Hakuna aliyeniambia yakiwa mepesi nifanye nini. Basi niliyafanya kwa uaminifu kila siku, yale yale, mara kumi zile zile, miezi mitatu. Mwalimu mzima wa hisabati nilisahau kuuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi: namba inaongezeka wapi?

Msuli hukua ukidaiwa zaidi ya ulichozoea. Ukidaiwa kile kile kila siku, unabaki ulipo.

Daktari wa Chicago na dumu langu

Kanuni hiyo ina historia, na historia yenyewe ilianza kwenye magoti na mapaja. Mwaka 1945 hospitali za jeshi la Marekani zilijaa majeruhi wa vita. Walipewa mazoezi mepesi, marudio mengi, na walipona polepole mno. Katika hospitali moja ya jeshi mjini Chicago, daktari kijana Thomas DeLorme, ambaye ujanani mwake aliugua homa ya baridi yabisi na baadaye akajijenga kwa kunyanyua vyuma, alithubutu kuwapa wagonjwa wake uzito mkubwa. Aliwavalisha kiatu cha chuma chenye vyuma vya kuongezwa, wakanyoosha goti nacho. Mapaja yaliyokonda yakarudi. Mwaka 1948 yeye na mwenzake wakaeleza mpango ambao hadi leo watu wa jimu wanautumia bila kujua ulikotoka. Tafuta uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi na hapo ukome. Seti ya kwanza tumia nusu ya uzito huo, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Ukiwa mwepesi, ongeza.

Dada alinieleza hayo kisha akaniuliza, "Nyumbani una nini?"

Nikamjibu, sina kitu. Nina madumu ya maji.

"Lita moja ya maji ina uzito gani, Mwalimu?"

Kilo moja. Nilicheka kwa furaha. Kila nyumba ya mtaa wetu ina seti nzima ya vyuma, imepangwa ukutani karibu na jiko, ya njano, ya lita 20. Lita tano ni kilo tano, lita saba ni kilo saba. Si kila jimu inaweza kuniongezea uzito kidogo kidogo. Kikombe changu cha chai kinaweza.

Tukaanza. Kuchuchumaa hadi usawa wa kiti, nimelikumbatia dumu kifuani: lita tano, kisha nane, kisha kumi. Kupanda kidato cha baraza la darasa kwa mguu wa kushoto, polepole, na kushuka polepole zaidi, chupa nne za lita moja na nusu zikiwa kwenye begi la mgongoni. Kulala chali, visigino juu ya kigoda, na kuinua kiuno, kwanza miguu miwili kisha mmoja, kwa ajili ya misuli ya nyuma ya paja iliyoibiwa kano zake. Kusimama ukingoni mwa ngazi na kupanda kwa vidole vya mguu, kwa ajili ya kigimbi. Seti tatu kila zoezi, marudio nane hadi kumi na mbili, na yale mawili ya mwisho ilibidi yawe magumu kweli. Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, maana msuli hujengwa wakati wa kupumzika.

Zoezi la kukaa kitini na kunyoosha goti lenye uzito mguuni Dada aliliingiza kwa tahadhari. Mwanzoni hakuniruhusu nilinyooshe hadi mwisho, kwa kuwa pembe zile za mwisho huivuta kamba mpya. Aliongeza kidogo kidogo wiki hadi wiki. Kwa zoezi hilo nilihitaji mfuko wa mchanga wa kufunga juu ya kifundo cha mguu, na mchanga lazima upimwe. Nikaenda dukani kwa Mangi.

"Shikamoo, Mangi. Nipimie kilo mbili za mchanga."

Alinitazama kwa muda. Mizani yake ni ya sukari na mchele. Nikamweleza habari ya goti tangu mwanzo. Akautia mchanga ndani ya mfuko wa unga, akaufunga, akaupima, na hakunitoza. Nilirudi kila nilipohitaji nusu kilo zaidi. Nilipofika kilo nane alikuwa anawatangazia wateja.

Jambo moja Dada alilisisitiza kuliko yote: mguu mmoja mmoja. Ukichuchumaa kwa miguu miwili, mguu mzima humwonea huruma mwenzake na kumfanyia kazi, wala wewe huhisi. Paja dhaifu hujificha nyuma ya paja zima miezi na miezi. Kiti kile cha ofisini ndicho kilichonifichua.

Kamba inapogeuka kuwa ligamenti

Nilikosea mara moja, nalo nalisema ili mwingine asilirudie. Wiki moja nilijiona nina nguvu, nikaruka kutoka lita kumi hadi dumu zima la lita 20. Siku hiyo sikusikia kitu. Kesho yake asubuhi goti lilikuwa limejaa maji, na paja limelegea tena kama wiki ya kwanza. Nilipoteza siku kumi.

Ndipo nilipofundishwa kumwuliza hakimu wa kweli, naye ni goti la kesho asubuhi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Lakini goti likiamka limevimba au halinyooki kama jana, umelidai kupita uwezo wake: rudi hatua moja, punguza maji kwenye dumu, subiri litulie. Likiamka kavu, endelea, na safari ijayo ongeza kikombe.

Pana sababu nyingine ya kutokimbilia. Ile kamba iliyopandikizwa, siku ya kwanza ni imara, lakini ni kitu kisicho na damu yake. Mwili hulazimika kuipelekea mishipa midogo ya damu, kuvunja nyuzi za zamani na kusuka mpya, hadi kano igeuke kuwa kitu kinachofanana na ligamenti. Katika wiki za mwanzo za kusukwa upya, takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12, kamba hupungua nguvu. Kazi yote huchukua mwaka na zaidi. Tazama mtego ulivyo: kipindi kile kile ambacho mgonjwa anatupa magongo, anatembea vizuri na kujiona amepona, ndicho kipindi kamba yake iko laini. Maumivu yaliyokwisha hayajui habari ya kamba.

Hesabu ya mwezi wa tisa

Napenda namba, kwa hiyo nilimwomba Dada namba. Akanipa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia wachezaji 106 kwa miaka miwili baada ya upasuaji kama wangu. Kila mwezi mmoja waliochelewa kurudi mchezoni, hadi kufika mwezi wa tisa, ulipunguza kasi ya kuumia tena kwa asilimia 51. Miongoni mwa waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38.2 waliumia goti tena. Miongoni mwa waliofaulu, asilimia 5.6. Na kadiri nguvu za paja la mbele zilivyokaribiana pande zote mbili, ndivyo hatari ilivyopungua.

Niliandika namba hizo ubaoni chumbani kwangu. Kila nilipotamani kuvaa raba nilizisoma.

Kipimo kinachotumika sana ni mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake, katika nguvu na katika umbali wa kuruka kwa mguu mmoja. Kwenye kliniki kubwa nguvu hupimwa kwa mashine. Dada hana mashine hiyo. Ana kiti, futi na chaki ya kuchorea sakafu. Lakini alinionya juu ya hila iliyomo ndani ya asilimia: miezi ile yote ya kukaa, mguu wa kulia nao unadhoofika. Ukifikia asilimia 90 ya mguu uliodhoofika, umefikia nini? Kwa hiyo aliniamrisha niufanyishe kazi na mguu mzima, na akawa analinganisha na alichoandika siku ya kwanza aliponiona, kabla ya upasuaji.

Naam, kabla. Nilisubiri zamu ya upasuaji karibu miezi minne, na muda wote huo nililalamika. Sasa namshukuru Mungu kwa ule muda, kwa kuwa anayeingia chumba cha upasuaji na goti kavu lililonyooka na paja lenye nguvu, hutoka akiwa na mtaji. Kwa wengine huenda mazoezi yakawa ndiyo tiba yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya vijana 121 waliokatika ACL. Nusu walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi; nusu walianza na mazoezi peke yake, wakijua mlango wa upasuaji uko wazi. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana katika hali ya magoti, na katika kundi la pili watu 23 tu kati ya 59 ndio waliokuwa wamepasuliwa. Hili si la kumfanya mtu amkimbie daktari. Goti linaloachia kila ukigeuka, au lililochanika na mengine ndani, lina hesabu yake, na daktari ndiye wa kuisoma. Nalitaja kwa ajili ya yule aliye mbali na hospitali ya rufaa, anayedhani kwamba bila upasuaji hana la kufanya. Unalo. Dumu liko hapo hapo jikoni.

Kutua

Mwezi wa sita nilianza kuruka, kwanza miguu miwili, chini chini, nikitua kimya. "Nisikusikie," Dada alikuwa anasema, amefumba macho. Kutua kwa kishindo maana yake paja halikupokea uzito. Mfupa na ligamenti ndivyo vilivyoupokea. Goti lielekee vidole, lisiingie ndani. Nyonga zirudi nyuma kama unayetaka kukaa. Kisha kuruka kwa mguu mmoja mbele, kando, kwa kugeuka. Kukimbia moja kwa moja, halafu kukata kona. Na madumu sikuyaacha hata wiki moja, kwa kuwa mazoezi ya uwanjani huonyesha nguvu ulizonazo, hayakujazii ulizokosa.

Kilichonishinda zaidi kilikuwa hofu. Nilipoambiwa niruke na kugeuka kama siku ile, mwili ulikataa. Tafiti zinaonyesha kwamba baada ya upasuaji huu takriban nusu tu ya wachezaji hurudi kwenye mashindano, na hofu ni mojawapo ya sababu kubwa. Mimi nilisaidiwa na daftari langu. Nilikuwa nimeandika kila siku ya mazoezi: tarehe, zoezi, lita, marudio, goti la kesho asubuhi. Hofu iliponijia nilifungua kurasa za mwanzo, lita tano mara nane, nikafika lita 20 mara kumi na mbili kwa mguu mmoja juu ya kidato. Niliamini daftari kabla sijaweza kuliamini goti.

Mwezi wa kumi na moja Dada alivuta kiti kile kile. Mikono kifuani. Kulia mara 24. Kushoto 22. Futi ikaonyesha tofauti ya sentimita moja. Akachora mstari wa chaki, nikaruka, akapima, akaandika. Kisha akafunga faili na kuniuliza kama raba ninazo. Nilikuwa nazo.

Sasa nacheza tena, si kila mechi, na kabla ya kila mechi napasha mwili dakika 20 pamoja na wenzangu: kuchuchumaa, kutua kimya, mguu mmoja mmoja. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lina programu ya namna hiyo iitwayo 11+, haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, na imethibitika kupunguza majeraha kwa timu zinazoifanya mara kwa mara. Wasichana wangu wa shule naanza nao kidato cha kwanza, kabla goti lolote halijasema "ko". Dumu la lita tano, mgongo umenyooka, magoti yafuate vidole.

Na stoo ya michezo, kando ya mipira na nyavu, nimeweka kiti cha mbao. Mchezaji yeyote anayetoka kwenye jeraha la mguu hukikalia kwanza kabla ya kufunga kamba za raba. Mikono kifuani, mguu mmoja, inuka. Wengi huinuka na kukimbilia uwanjani. Asiyeweza hasikii karipio kwangu wala neno "pumzika". Namwambia achukue daftari na dumu tupu, twende bombani.